Sanduku Lisilopigwa Nyundo

Sanduku la mdogo wangu limefika kutoka Salamabila, limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, limejaa vumbi jekundu. Kijana wa pikipiki alilishusha huku akinung'unika.

"Mama, hii sanduku iko nzito na ndani hamna kitu. Nani alitengeneza bati mbili-mbili hivi?"

Nikamwambia aliyelitengeneza hayuko tena duniani, na yeye aliweke chini polepole. Akaliweka, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya karakana yangu, na harufu ikanipanda puani: zinki, mawese ya zamani, na pamba iliyokaa mahali pamoja miaka mingi bila kuona jua. Nikavuta kiti.

Mdogo wangu amekufa. Nasema hivyo wazi, maana watu hapa Kasongo wanalizunguka hilo neno mbele yangu kama vile mimi ni mtoto mchanga. Habari niliipata kwa simu, na nyuma ya sauti ya mke wake nilisikia nyundo ikipiga misumari. Sikuhitaji kuelezwa ni kazi gani inafanyika. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kabambare, ile ya kwenda kwake. Sikufika. Walimzika bila mimi.

Mimi ni mwanamke na ni fundi bati. Shule niliigusa tu nikatoka. Jina langu naliandika, na hesabu za bati sishindwi. Maneno haya nayasema, mjukuu anayaandika, halafu ananisomea nami namkemea akiyapamba. Barabara hii ina mafundi wanaume, na kazi ngumu zikiwashinda wanaziletea hapa kwangu. Wananiita Mama Bati. Sikufundishwa na mzungu wala na cheti. Nilifundishwa na sanduku hili, nikiwa bado naota meno ya mbele.

Baba yangu alikuwa anatengeneza malle, yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa bweni na maharusi walikuwa wanabeba kichwani. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko unaoshuka kuelekea soko. Tuliamka na nyundo, tukala na nyundo, tukaitana kwa kupaza sauti kushinda nyundo. Safari moja nilipelekwa kwa shangazi kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na asubuhi nikaamka nikilia. Shangazi akauliza ninaumwa wapi. Sikuwa naumwa. Kulikuwa kimya tu, nami nilidhani kimya ni kitu kinachokuja baada ya jambo baya.

Na sikuwa mjinga sana kudhani hivyo. Kwetu kila fundi anajua: nyumba ikiwa na mgonjwa ambaye watu wanamwangalia machoni bila kusema, nyundo haipigwi katika ua ule. Nyundo katika ua wa mgonjwa ni jeneza. Jirani akiisikia hatauliza. Atajifunga kitambaa kiunoni na kuja akilia, na mgonjwa akisikia kilio chake mwenyewe, moyo unavunjika. Kwa hiyo seremala anapeleka mbao zake mbali, na fundi bati anatafuta kazi ya kukunja na kukata, au anakaa.

Siku mdogo wangu alipozaliwa, nyundo ya baba ilinyamaza.

Alikuja kwa miezi saba, kwa haraka, mama akiwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alikuwa kama kifaranga kilichotoka kwenye maji. Ngozi ilikuwa nyembamba hivi kwamba njia za damu zilionekana, na alipolia nilisikia sauti kama ya mlango wa mbali. Mama alishikwa na homa kali baada ya kuzaa, akawa anatetemeka na kusema maneno ya watu waliokufa zamani. Muuguzi wa misheni alikuja, akamtia mama dawa, akamfunua mtoto, akamfunika upesi.

"Huyu anataka joto," alimwambia baba. "Joto na maziwa, kidogo-kidogo. Mashine ya joto hatuna. Mumuweke mu kifua cha mutu. Akipoa, amekwenda."

Kifua cha mama kilikuwa kinawaka na kutetemeka, hakikufaa. Basi bibi, mama yake mama, alimfunga mtoto kati ya maziwa yake makavu na kukaa kando ya moto. Alikaa hivyo mchana na usiku. Alikula akiwa amekaa, alisinzia akiwa amekaa, na kuna asubuhi niliyoona kichwa chake kinaanguka mbele, mbele, kuelekea makaa, na baba akaruka akamshika mabega. Hakumgombeza. Alimwangalia tu, halafu akaangalia ule mfuko wa nguo kifuani pake, halafu akatoka nje.

Kwetu mtoto hapewi jina mpaka kitovu kikauke na kianguke. Kabla ya hapo anaitwa mgeni. "Mugeni amekunywa?" "Mugeni iko namna gani leo?" Watu wazima walisema hivyo bila kufikiri. Mimi nilifikiri. Wageni wote niliokuwa nimewaona kwetu, hata wale wazuri walioleta samaki, walikuwa wamefunga mizigo na kwenda kwao.

Siku ileile ya bibi na makaa, baba aliingia na ufito wa mchikichi. Alimfunua mtoto kidogo, akaulaza ufito kando yake kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, akaukata kwa kisu. Halafu akatoka nao bila kuniona.

Ufito kama huo niliujua. Ng'ambo ya barabara alikaa Fundi Ramazani, seremala. Palipokuwa na msiba aliitwa, akaingia na ufito mrefu, akatoka na ufito uliokatwa, na watoto wote wa mtaa tulijua kwamba ufito wa Ramazani hauguswi hata ukiuokota njiani.

Na kabla jua halijawa kali, Ramazani mwenyewe alikuja kwetu. Alikuwa amebeba shinyoli yake, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, aliyoombwa na baba.

"Fundi," alimwambia baba, akiutazama ule ufito uliokatwa, "naona umeanza kuninyang'anya kazi. Sanduku ndogo namna hii ni ya kwangu."

"Weka shinyoli pale, funga mudomo."

"Nifunge mudomo bure? Mutu anafungiwa mudomo na kikombe ya kahawa."

"Ramazani. Iko wagonjwa mu nyumba."

Ramazani akashusha macho, akaweka shinyoli juu ya gogo, akamshika baba bega kidogo na kuvuka barabara. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikimenya mihogo, na kisu kilisimama mkononi. Sasa nilikuwa nimejua kila kitu. Baba anamtengenezea mgeni jeneza akiwa bado anapumua. Analifanya kimyakimya ili mama asisikie.

Sikumwambia mtu. Nilihamisha mihogo yangu karibu na karakana, nikakaa, nikaanza kumlinda baba kwa macho kama mbuzi anavyomwangalia mtu mwenye kamba.

Alikata bati, akalikunja ukingoni mwa gogo kwa mikono na kwa ubao, bila nyundo. Akafanya sanduku ndani ya sanduku, na katikati ya kuta akashindilia pamba mbichi ya shamba. Chini ya sakafu aliacha chumba chembamba, na upande mmoja wa hicho chumba akaacha shimo la mraba, na kwa hilo shimo akakata kibati cha kulifunika. Mimi nikaangalia kibati. Nikasema moyoni, ndicho kifuniko.

Halafu akatoa kopo la vitumbo.

Jina hilo lilikuwa lake mwenyewe. Fundi wa magari mmoja alikuwa amemwachia kopo hilo wakati garaji lilipofungwa, na baba alikuwa analitunza kama mtu anavyotunza mbegu. Kitumbo ni riveti iliyo tupu katikati, kama mrija mfupi. Mdomo wake umepanuka kidogo kama kofia, na ndani, upande wa chini, una meno ya kupokea bulo, yaani bolti. Unatoboa bati, unaingiza mrija mpaka kofia ikae juu ya bati. Halafu unayavuta yale meno yarudi kwako. Mrija hauna pa kukimbilia. Unajikunja nyuma ya bati, unatoa tumbo, na bati linabanwa kati ya tumbo na kofia. Hapo umepata ekru, ile nati, iliyoshika mahali mkono wako haufiki. Na hukupiga nyundo hata mara moja. Riveti ya kawaida inataka nyundo mbele na chuma nyuma, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na pamba tu.

Baba alivimwaga vitumbo juu ya gunia akavitenga. Alivikwaruza kimoja-kimoja kwa ncha ya kisu. Vya aluminiamu vilitoa mstari mweupe, akavirudisha kwenye kopo, kwa sababu ni laini na bulo inayoingia na kutoka kila mara itakula meno yake. Akabaki na vya chuma. Katika vya chuma kulikuwa na vifupi na virefu. Alibana pindo la bati kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho. Kirefu kwenye bati jembamba, tumbo linatokea mbali, kinacheza. Kifupi kwenye bati nene, tumbo halina nafasi ya kutoka, meno yanakatika. Pindo lilikuwa bati mara mbili. Alichagua vya katikati, na vya katikati vilikuwa vichache.

Akatoboa kwa shinyoli, tundu dogo, halafu akalipanua kwa tupa ya mviringo, akijaribu na kitumbo kila baada ya kukwaruza kidogo. Kilipaswa kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Kikianguka chenyewe, tundu limeharibika. Kisha akachukua bulo, akaitia ekru kubwa na rondeli, yaani washa, akaipaka mawese kwa unyoya wa kuku, akaizungusha ndani ya kitumbo. Akashika kichwa cha bulo kwa ufunguo mmoja, yaani spana, na kukaza ekru kwa ufunguo mwingine. Niliona mshipa wa mkono wake. Kwanza inakuwa rahisi, halafu inakuwa nzito, halafu inasimama, na hapo unaacha. Mwenye tamaa anaongeza kidogo, na anapoteza kitumbo. Hadi leo vijana wangu nawafundisha wakiwa wamefumba macho, maana jicho hapo linadanganya.

Kimoja kilimshinda. Tundu lilikuwa limepanuka kupita, na kitumbo kikaanza kuzunguka bure pamoja na bulo. Baba alijaribu kukishika kwa koleo, kikazunguka. Akaacha vyuma, akaweka paji la uso juu ya ukingo wa sanduku, akakaa hivyo. Ndani bibi alikuwa anaimba kwa sauti ya mtu anayejizuia asilale. Sikuwahi kumwona baba amechoka. Nilidhani analia kwa sababu hataki kuimaliza kazi ile na analazimishwa, sikujua na nani.

Baadaye alikata kofia ya kile kitumbo kwa tupa, akakidondosha, akatafuta kingine kinene zaidi kwenye kopo, akakipata, akapanua tundu kwa kipimo chake. Kikashika. Akajifuta uso, akaenda ndani kumwangalia mama.

Ndipo nikasimama, nikaacha mihogo, nikaingia ndani ya sanduku. Miguu niliikunja mpaka magoti yakafika kidevuni. Bati lilikuwa baridi mgongoni. Nikashika kingo mbili, nikangoja.

Baba alitoka na kikombe cha maji, akasimama.

"Unafanya nini mule?"

"Nimekaa."

"Toka, mama, utakunja bati."

"Sitoki. Sanduku iko na mutu."

"Mutu gani?"

"Mimi. Imejaa. Mugeni hana nafasi."

Bibi akasema kutoka ndani, "Nini tena?" na baba akajibu, "Hapana kitu." Akaweka kikombe chini. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nani alikuambia hii ni sanduku ya nini?"

"Ramazani. Alisema ni kazi yake. Na ulipima mugeni na ufito."

Baba akageuka akaangalia ng'ambo ya barabara, ambako Ramazani alikuwa ameketi akinoa msumeno wake na kutusalimia kwa mkono, hajui lolote.

"Yule mutu, siku moja nitamushona mudomo na waya," baba alisema. Akatwaa bulo moja kutoka kwenye gunia, akaniwekea mkononi. Kichwani alikuwa ameiungia masikio mawili ya bati, kama ya panya. "Shika. Tia pale, mu kitumbo. Zungusha."

Nikainama kutoka ndani ya sanduku, nikaitia, nikaizungusha. Iliingia laini kama kidole kwenye ugali wa moto.

"Sasa rudisha."

Nikairudisha. Ikatoka.

"Tena."

Nikafanya tena.

"Umeshaona sanduku ya Ramazani inafunguliwa?"

"Hapana."

"Anapiga musumari sababu hakuna mutu atarudi kufungua. Basi. Mimi nimejiumiza vidole na hivi vitumbo sababu gani? Hapa chini tutatia chupa za maji ya moto. Maji yakipoa tutafungua, tutatia zingine, tutafunga. Asubuhi tutafungua. Muchana tutafungua. Magaribi tutafungua. Bibi amechoka, mama iko na homa, mimi niko na vidole vinene. Atafungua nani?"

Nikaangalia yale masikio ya bulo.

"Nakuuliza, atafungua nani?"

"Mimi."

"Njo maana nimekutilia masikio kwa bulo, ili vidole vyako viweze. Mutu anayetaka kuzika hatii mulango, mama. Anatia mulango mutu anayengojea."

Nikamuuliza hewa mgeni ataipata wapi. Akanionyesha juu: kifuniko kingekuwa nusu tu, na nusu nyingine kitambaa cha mama. Nikafikiri kidogo. Halafu nikanyoosha mikono, naye akanitoa mle kwa makwapa, na kabla ya kuniweka chini alinishika kifuani pake kwa muda. Alinuka mawese na chuma.

Mgeni aliingia kwenye sanduku kabla ya giza, juu ya pamba, akiwa amevikwa kofia ya soksi ya baba. Chupa zilikuwa za bia, zimefungwa vitambaa. Bibi alilala chini palepale ubavuni, akakoroma kama kamio ya mizigo inayopanda mlima, na baba akasema tusimguse.

Kazi ya mlango ilikuwa yangu. Nilifungua, nilitoa chupa baridi, niliingiza za moto, nilifunga. Nilitia mkono juu ya pamba kuonja joto, na muuguzi alipokuja akauliza nani anayepima, bibi akaninyooshea kidole na muuguzi akanisalimia kwa mkono kama mtu mzima. Bulo nilizipaka mawese kwa unyoya, maana baba alisema mlango ukikauka utashika, na ukishika mtoto atapoa tukiutazama. Niliyachukua maneno hayo yote kama yalivyo. Nilidhani kinachomshikilia mgeni asiende kwao ni zile bulo hasa, na kwamba siku nitakayosahau mafuta, ataondoka. Sikusahau. Ukiniuliza leo kama nilikosea, sijui nikujibu nini.

Homa ya mama iliondoka. Kitovu kikaanguka. Wakamwita Mulamba, jina la babake baba, na siku hiyo baba alichukua nyundo yake, akapiga bati tupu lisilo na kazi, pigo moja, halafu mengi, mpaka Ramazani akatoka barabarani akicheza na msumeno kichwani.

Mulamba akawa mtu mkubwa, mwenye tumbo na sauti. Alikwenda Salamabila wakati dhahabu ilipoita watu, akakaa huko akinunua na kuuza, na wachimbaji kutoka Kivu wakamwita patron, yaani bosi. Kila alipokuja Kasongo alikaa kwenye karakana yangu akiwasumbua vijana wangu. "Angalieni huyu yaya, dada yangu mukubwa," aliwaambia. "Mimi ndiye mutu wa Maniema aliyepikwa mu sanduku, na mupishi ndiye huyu." Sanduku alikuwa ameliomba baba alipokufa. Sikujua alilifanyia nini. Nilidhani liko mahali linaliwa na kutu.

Mke wake ndiye aliyenirudishia. Kwenye simu aliniambia, "Yaya, nakuletea ile sanduku. Alikuwa anaichezea kila wakati, anafungua, anafunga. Mimi nilizani ni ugonjwa."

Basi nilikaa mbele ya sanduku, pale karakanani, mpaka vumbi jekundu lilipoacha kuninukia. Pamba ya ndani imeshuka, bati limebonyea pembeni. Nikaligeuza ubavu nikitafuta ule mlango. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa bulo na kopo la mafuta ya taa, kwa sababu mimi ni fundi na ninajua bulo ya miaka mingi inavyofanya.

Sikuvihitaji. Nilishika masikio ya bulo ya kwanza kwa vidole viwili na ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Hata ile ya kitumbo kinene, ile ya paji la uso la baba, ikatoka laini, nyekundu kwa mawese mapya.

Nikaondoa kibati. Ndani ya chumba cha chupa hapakuwa na chupa. Kulikuwa na unyoya wa kuku, umelowa mafuta mpaka kwenye mti wake.

Vijana wangu walikuwa wamesimama nyuma yangu bila kazi. Tangu ile simu, nyundo za karakana hii zilikuwa zimelala, hakuna aliyethubutu. Niliuchukua ule unyoya, nikazipaka bulo, nikarudisha kibati, nikazikaza zote kwa vidole tu, ufunguo nikauacha chini.

Mkubwa wao akakohoa. "Mama, malle ya wale wa bweni zinangojewa. Tukunje tu, ao tupige?"

"Pigeni," nikasema.